Filamu Iliyokwama Mlangoni

Wanangu mnaokuja hapa kwangu Kihonda na simu zenu, mkitaka niwaonyeshe namna ya kutia sauti ya Kiswahili kwenye filamu za watu, jambo la kwanza ni hili: acheni soda. Mtafsiri akinywa soda kabla ya kushika maiki, atabeua palepale mama wa marehemu anapoangukia jeneza, na banda zima litacheka. Msiba umeshaharibika, huwezi kuurudisha. Mimi nilikunywa chai ya tangawizi, tena iliyopoa kidogo.

Naitwa Hadija, ila ukiuliza jina hilo hapa mtaani utazungushwa mpaka uchoke. Uliza Mama Sabtaito, jina nililopewa kwa yale maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya filamu. Miaka mingi nilikaa kwenye kigoda pembeni ya skrini, katika banda la video la Bwana Rashidi, nikiwaeleza watu wanachosema Wazungu, Wachina na Wahindi. Banda lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa turubai jeusi, mabenchi ya mbao yasiyo na migongo. Mchana wa jua kali mle ndani mlikuwa kama chungu kilichofunikwa, na bado watu walijaa.

Nilianza nikiwa muuza chai mlangoni. Mtafsiri wa wakati ule alikuwa Mzee Bakari, mtu mfupi mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha, lakini alijua kusimulia. Siku moja alikuwa anatafsiri filamu ambayo hakuwahi kuitazama. Likatokea kanisa, wanaume wamevaa suti nyeusi, maua kila mahali, kinanda kinalia taratibu, mama mmoja anajifuta machozi. Mzee Bakari akashusha sauti: “Ndugu watazamaji, tumempoteza mzee wetu.”

Akina mama wakaanza kuguna kwa huruma. Mara akaingia binti mwenye shela, akapita katikati hadi mbele, kijana mmoja akamfunua uso na kumbusu. Watu wakageuka kumtazama msimuliaji. Mzee Bakari hakutetereka hata kidogo. “Marehemu,” akasema, “aliacha wosia kwamba harusi isiahirishwe.”

Nilicheka mpaka nikamwaga chai ya watu.

Huyo ndiye aliyeniita siku koo lilipomkauka. Alijua nimemaliza kidato cha nne na kwamba nyumbani nilisikiliza redio za Kiingereza. Alinipa maiki akaninong'oneza, “Hadija, maneno mengine yatakupita, usihangaike nayo. Macho ya mtu yasikupite.” Mpaka leo sijapata mwalimu aliyenifundisha kwa ufupi kama huo. Ukitazama mdomo wa mwigizaji utajua amesema nini. Ukitazama macho utajua kwa nini amesema, na watu wanalipia hicho cha pili.

Jambo jingine ni sauti. Nilipoanza, kila mtu mbaya nilimpa sauti ya kukwaruza. Ikaja filamu ya upelelezi, nikajua mapema kwamba muuaji ni daktari, nikamkwaruzia tangu alipoingia kusema habari za asubuhi. Kijana wa benchi la nyuma akapaza sauti, “Huyo huyo daktari! Mama Sabtaito ameshamkamata!” Nusu wakatoka kwenda kununua mihogo. Tangu hapo muuaji nilimpa sauti laini kuliko wote, halafu baadaye nikaacha hata hilo, maana walishaanza kuwashuku wapole.

Basi sikilizeni habari ya filamu moja ya Waingereza.

Ilikuja wakati banda limeanza kupwaya. Watu walikuwa na televisheni nyumbani, vijana wana simu, na Bwana Rashidi alikuwa anazunguka mle ndani akipima kuta kwa macho. Alishaniambia waziwazi kwamba mambo yasipobadilika atafunga, aligeuze banda kuwa ghala la saruji. Nilimwelewa. Mabenchi matupu hayamlishi mtu. Lakini mimi kazi nyingine sikuwa nayo, wala sikuitaka.

Jumamosi hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi, kwa hiyo sikupata nafasi ya kuitazama filamu kwanza kama nilivyozoea. Ganda la diski lilikuwa na picha ya mwanamume ameshika bastola, nyuma yake moto unawaka. Umeme ukarudi mchana, watu wameshakaa. Rashidi akatumbukiza diski, nami nikapiga funda la tangawizi nikisubiri milipuko.

Ikatokea mvua.

Mvua, bahari ya rangi ya kijivu, mji mdogo wa nyumba za mawe, na mwanamume mrefu mwenye koti amesimama anaitazama hiyo bahari. Hasemi. Maandishi yakapita, nikawasomea watu kwamba filamu imetokana na riwaya. Yule bwana akaendelea kutazama bahari.

“Mama Sabtaito,” mtu akauliza, “huyo anasubiri nini?”

“Anasubiri tupate utulivu,” nikamjibu, na moyoni nikasema leo tumepatikana. Ganda lilikuwa la filamu nyingine kabisa.

Yule bwana alikuwa inspekta wa polisi. Nikampa jina la Inspekta Kimya, maana jina lake la Kiingereza lingewachosha watu kulikumbuka. Amerudi mji aliozaliwa kwa sababu mwenye duka la vyuma amekutwa amekufa chini ya machimbo ya mawe. Hakukuwa na mbio za magari. Hakukuwa na ngumi. Kulikuwa na watu wanaokunywa chai jikoni na kukwepana macho. Mwanzoni nilihangaika kuujaza ule ukimya kwa maneno yangu, kama Mzee Bakari alivyokuwa akifanya, na watu wakaanza kujinyoosha na kupiga miayo. Nikaona nazidi kuharibu. Nikasema, “Jamani, mvua hii mnaijua. Ni ile inayoshuka na ukungu kutoka milima ya Uluguru, ukiwa huko juu hujui kama ni asubuhi au jioni. Katika mvua hiyo kuna mtu anaficha jambo. Mtazameni.” Kisha nikaiweka maiki magotini, nikanyamaza.

Wakatazama. Wallahi, wanangu, walitazama mpaka nikasikia mabati yanavyolia kwa joto.

Kidogo kidogo jambo likafunguka. Marehemu ni shemeji yake Inspekta. Mjane ni dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsomesha kwa kufua nguo za watu. Marehemu alikuwa akimpiga mkewe, mji mzima ulijua na mji mzima ulinyamaza. Kila alama aliyoifuata Inspekta Kimya ilimrudisha kwa dada.

Hapo ndipo nilipowakumbuka Afande Deo na Felista, waliokuwa mlemle bandani.

Inabidi niwaeleze watu hawa. Deogratias alikuwa askari polisi aliyestaafu, mnyoofu kama rula, anakaa benchi la kulia karibu na ukuta. Felista alikuwa dada yake mkubwa, muuza kabichi na karoti zinazoshuka kutoka milimani kwao, mama mnene mwenye mdomo usiokaa kimya, anakaa benchi la kushoto. Felista ndiye aliyemlea Deo baada ya mama yao kufa, akibeba mboga kichwani kushuka nazo mjini ili mdogo wake apate daftari na viatu. Deo akakua, akawa polisi. Miaka ilipita, Felista akiwa huku mjini akaanza kupika gongo nyuma ya nyumba. Siku ya msako Deo alikuwa zamu. Angeweza kumwachia mwenzake aingie nyumba ile. Akaingia mwenyewe, akamtoa dada yake, akampandisha gari na chungu chake. Felista akalala mahabusu, akatozwa faini, akaacha gongo. Lakini tangu siku ile hakuna aliyemsemesha mwenzake. Wote wawili walipenda sinema, na banda lilikuwa moja, kwa hiyo walikaa kila mtu upande wake kama wageni wa harusi wa kuumeni na kuukeni.

Sasa nimewafikisha mbele ya filamu hiyo, na maiki ninayo mimi.

Mwisho ukakaribia. Inspekta Kimya anapita njia ya mawe kwenye mvua, anafika nyumbani kwa dada. Taa inawaka jikoni. Anasimama mlangoni. Anainua mkono kugonga.

Picha ikaganda.

Ikaganda hivyohivyo, mkono hewani. Rashidi akapiga deki kofi. Akaitoa diski, akaifuta kwa kanga yangu, akaipaka dawa ya meno, akairudisha. Mkono hewani. Watu wakaanza kupiga kelele.

“Agonge!” wanaume wakasema. “Sheria ni sheria!”

“Akome!” akina mama wakajibu. “Dada yake huyo! Aende zake akalale!”

Rashidi akaniinamia sikioni. “Malizia mwenyewe. Mpe bastola, avunje mlango kwa teke, tumalize.”

Mzee Bakari angemalizia, na angemalizia vizuri. Nami ulimi ulikuwa tayari. Lakini nilipoinua macho niliona kwamba Afande Deo hatazami skrini. Ananitazama mimi. Nikageuka kushoto, Felista naye ananitazama, mikono ameibana mapajani. Nikaona nikisema alimkamata, nimemwambia Felista mbele ya watu kwamba alistahili. Nikisema aliondoka, nimemwambia Afande kwamba maisha yake yote alikuwa mtu wa ovyo.

“Sijui,” nikasema kwenye maiki. “Jamani, sijui alifanya nini. Nikijua nitawaambia.”

Mnadhani walinipigia makofi? Nilirushiwa maganda ya karanga.

Lakini mtaa haukulala. Saluni, kwa mama lishe, kwenye kijiwe cha bodaboda Msamvu, kila mahali ni Inspekta Kimya. Waliokuwa hawajaiona waliulizia ili wapate upande wa kushika. Rashidi akairudia siku zilizofuata, imekwama vilevile, na banda likajaa watu waliokuja kuona mtu ameinua mkono. Saruji hakuitaja tena. Mimi nikazunguka kwa wauza diski wote wa mjini kutafuta nakala nzima. Nilipata kadhaa, nikazijaribu palepale dukani. Zote zilikwama mlangoni! Kumbe zote zimenakiliwa kutoka kwa moja, na ugonjwa wake zimeurithi.

Afande Deo alinijia nyumbani akijifanya anapita. Aliuliza habari za mvua, za kuku, za shule ya wajukuu. Mwisho akasema, “Hadija, ukiupata ule mwisho, uniambie mimi kwanza. Na usimwambie mtu kwamba nimeuliza.”

Felista hakujifanya kupita. Alitua kapu la kabichi mlangoni kwangu. “Hivi wewe umekaa tu? Mwenzio silali! Kule kwetu milimani, misheni, kuna sista mzee ana kabati zima la vitabu vya upelelezi vya Kiingereza. Si ulisema imetoka kwenye kitabu? Panda kesho na gari la mboga linalorudi tupu.”

“Nikikipata?”

“Uniambie mimi kwanza.”

Nikapanda. Ile barabara ya milimani mnaijua, upande huu ukuta, upande ule huthubutu kutazama, na chini kabisa vitalu vya mboga vimepangwa kama ngazi. Sista Perpetua nilimkuta bustanini anapalilia vitunguu, miwani imeshuka puani, mwembamba, mcheshi ajabu. Nikamsimulia filamu yote. Nilipofika kwenye mkono ulioinuliwa, akatupa jembe.

“Ninacho!” akasema. “Kitabu hicho ninacho!”

“Sista, kumbe unasoma vitabu vya watu kuuana?”

“Vya watu kukamatwa, mwanangu. Kuuana ni kurasa za mwanzo tu.”

Alinipa kitabu kilichofungwa kwa gundi ya karatasi, akanikatalia katakata kunionyesha ukurasa wa mwisho. “Soma kuanzia mwanzo. Ukirukia mwisho utawapelekea habari, hutawapelekea hadithi.”

Nikasoma, na kamusi pembeni. Jambo moja lilinishangaza, nanyi mnaotia sauti filamu za vitabu liwekeni akilini. Pale Inspekta Kimya aliposimama akitazama bahari nasi tukapiga miayo, kitabuni pana kurasa tele za mawazo yake. Anamkumbuka dada akimfunga kamba za viatu. Anajilaumu, anajitetea, anajichukia. Ukimya wote ule ulikuwa umejaa maneno, wale watengeneza filamu waliyaficha tu nyuma ya macho ya mtu. Nikamkumbuka marehemu Mzee Bakari, nikafunga kitabu kwanza nikavuta pumzi.

Nilipofika ukurasa wa mwisho nililia. Halafu nikaogopa, maana nilijua Jumamosi nitausema mbele ya nani.

Afande alinifuata, Felista alinifuata. Niliwajibu jibu moja: “Njoo bandani.”

Jumamosi ile watu walikaa hadi sakafuni. Rashidi alionyesha filamu mpaka ilipokwama, akaizima, skrini ikabaki tupu. Nikasimama mbele yake. Sikuwahi kusimama mbele ya skrini, kazi yangu siku zote ilikuwa pembeni, kwenye giza. Nilihisi kama nimetoka nje bila kanga.

“Aligonga,” nikasema.

Wanaume wakashangilia. Felista akainamisha kichwa.

“Subirini. Aligonga, dada akafungua. Hakushtuka. Alisema, ‘Nimesikia hatua zako tangu getini. Umelowa, ingia ndani.’ Akamvua koti akalitundika karibu na moto. Akampakulia supu. Inspekta akala yote, kama alivyokuwa anakula alipokuwa mtoto, na hakuna aliyetaja lililomleta. Dada akaosha bakuli, akalifuta, akaliweka mahali pake. Akavaa koti lake. Akasema, ‘Twende, kabla sijabadili nia.’”

Nikahamishia maiki mkono wa pili.

“Wakatoka. Inspekta akambebea mkoba. Waliupita mji mzima kwa miguu, watu wanachungulia kwenye mapazia, naye hakumwacha nyuma wala hakutangulia. Walipofika kituoni, askari wa zamu akafungua kitabu akauliza maelezo. Inspekta akasema, ‘Mimi ni mdogo wake. Andika hilo kwanza.’ Akavua kitambulisho chake cha kazi akakiweka mezani, akakaa kwenye benchi pembeni ya dada yake. Kitabu kimeishia hapo.”

Nikateremsha maiki. Nikasikia mtu anapumua kwa nguvu. Alikuwa Felista, ameshasimama.

“Alimsindikiza?” akauliza.

“Alimsindikiza.”

“Akakaa naye?”

“Akakaa naye.”

Felista akageuka, akamtazama Afande Deo kupitia vichwa vya watu wote. “Wewe ulipanda mbele,” akasema. “Ulikaa na dereva. Ukaniacha nyuma na chungu.”

Mtu alitaka kucheka akajizuia. Afande akasimama taratibu, kofia mkononi.

“Ningekaa nyuma ningelia,” akasema. “Mbele ya wenzangu. Niliogopa, nikapanda mbele.”

“Ungelia tu! Kulia kungekuua? Mimi nililia njia nzima, na chungu kinanimwagikia, nimefika kituoni nanuka kama kilabu, mpaka mkuu wa kituo akadhani nimelewa!”

Banda likapasuka. Walicheka mpaka benchi moja likavunjika, Rashidi akaanza kulia juu ya benchi lake, na Felista mwenyewe akawa anacheka huku anajifuta macho kwa upande wa kitenge. Afande hakucheka. Alikuwa amesimama vilevile, anamtazama dada yake.

“Sasa huyo dada alifungwa miaka mingapi?” kijana mmoja akauliza.

“Kitabu hakisemi.”

“Ah! Mama Sabtaito!” Na ugomvi ukaanza upya, wengine wakisema angeachiwa kwa kuwa alikuwa anapigwa, wengine wakisema Waingereza hawana mchezo.

Siwadanganyi, banda halikudumu milele. Saruji iliingia baadaye, na leo mkipita pale mtakuta mifuko imepangwa hadi darini. Lakini tulipata miaka mingine mizuri, na Sista Perpetua alikuwa ananiteremshia vitabu kwa gari la mboga, nami nikawa nasimulia hata hadithi ambazo hazikuwa na filamu.

Jumamosi ile ya kumalizia hadithi nilichelewa kutoka kwa sababu nilikuwa nakunja waya. Nje mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, uwanja umejaa tope, milima imeanza kuonekana tena juu ya mabati. Felista alikuwa na kapu lake tupu, anatafuta pa kukanyaga. Afande Deo alikuwa nyuma yake hatua chache, haondoki, hasogei.

“Shikamoo, dada,” akasema.

Felista hakugeuka upesi. Alilihamisha kapu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akapandisha kitenge kidogo kisiguse tope.

“Marahaba,” akasema, akanyoosha ule mkono uliokuwa mtupu. “Haya, nishike basi. Unaona mwenyewe panateleza.”